Tishio la Saba

Msamala, Songea
10 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bakili, dereva wa Hiace ya Peramiho aliyekubali kubeba barua hii, anasema alikukuta barazani hapo Maposeni, plasta hadi gotini, mguu juu ya kigoda, na bado unagombana na vibarua juu ya namna ya kupukuchua mahindi. Nilicheka. Ni mara ya kwanza tangu tumzike baba.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu si yangu tena. Shangazi Honorata amehamia hapa tangu msiba. Nikiongea chumbani husikia akiwa jikoni. Nikiandika ujumbe huuliza, "Unamwandikia nani, na mimi nipo?"

Jambo lenyewe unalijua. Baba alikuambia kwamba amesema wosia wake kwa sauti, na sauti ameiweka kwenye ile flashi nyekundu inayokaa imechomekwa kwenye kompyuta ya sebuleni, katika folda iitwayo SAUTI YA OTTO. Tarehe 31 Mei, siku ya kuanua matanga, tulipokaa mkekani ili tusikilize, folda haikuwepo. Kwenye kioo antivairasi ilikuwa imeandika kwamba matishio yameondolewa. Wakakuuliza wewe, uliyefundisha fizikia na kompyuta miaka thelathini. Ukasema, "Mashine haifuti yenyewe. Lazima kuna mkono."

Hakuna aliyeuliza tena. Wote walimtazama mjane, mama mdogo Leticia.

Sasa Shangazi anasema Jumamosi ya tarehe 5 Julai, baada ya misa ya arobaini, kikao kitaamua: kama hakuna wosia, nyumba inabaki kwangu na ukoo, na mama mdogo arudi kwao Singida. Mama mdogo hajibu kitu. Anakwenda kazini halmashauri, anarudi, anakaa kwenye kiti cha baba, hali chakula. Na flashi, Shangazi anataka ipelekwe kwa fundi mjini "aisafishe."

Baba mkubwa, ni kweli kabisa kwamba mashine haiwezi yenyewe?

Mwanao,
Fortunata


Maposeni
13 Juni 2025

Mwanangu Fortunata,

Marahaba. Mguu ni wa mzee, utapona kizee. Kuanguka kutoka kwenye kihenge nikiwa na miaka sabini na moja ni kosa langu, wala usimlaumu aliyeshika ngazi.

La kwanza: flashi isiende kwa fundi. Fundi mwenye haraka ana dawa moja tu, kufomati, nayo ni sawa na kuchoma ghala ili uue dumuzi. Mwambie Shangazi kwamba Kaka amekataza.

La pili nikueleze taratibu, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Antivairasi hufanya kazi kama mimi na magunia yangu. Ina orodha ya wadudu inaowajua, nayo hupitia kila faili ikilinganisha. Orodha hiyo huletwa kwa intaneti. Usiponunua bando, inabaki na orodha ya zamani, na mdudu mpya hupita mbele yake kama mgeni mwenye heshima zake. Otto aliugua miezi miwili. Sidhani kama kuna mtu aliyekumbuka bando.

Ikimkamata mdudu ina njia tatu. Karantini: faili linafungwa mahali pa peke yake, haliwezi kufanya kazi, lakini bado lipo. Nami gunia lenye Skania, yule dumuzi mkubwa, silichomi siku hiyo hiyo. Nalitenga kwanza, huenda ndani kuna mbegu. Ondoa: faili linafutwa. Ruhusu: unaiambia mashine, "Huyu namfahamu, mwache." Hiyo ya tatu imeharibu kompyuta nyingi kuliko umeme wetu.

Otto aliiweka mashine yake kwa Kiswahili, kwa hiyo hutapotea. Fungua antivairasi, tafuta Historia ya Ulinzi. Niandikie kila tishio: jina, tarehe, na hatua iliyochukuliwa. Usibonyeze kitu kingine chochote.

Nililosema mkekani nililisema kwa elimu yangu, na bado nalisimamia. Nataka kujua ulikuwa mkono wa nani.

Baba yako mkubwa,
Gaspari Mapunda


Msamala
19 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana tu. Hiace ya Bakili ilikuwa gereji siku tatu, na barua ilikuwa ndani ya gari. Nami sikusubiri. Unisamehe.

Jumapili wote walipokwenda kanisani nilibaki. Niliikuta hiyo Historia mwenyewe. Kuna matishio saba, yote ya tarehe 27 Mei. Matano niliyoyanakili yameandikwa Imeondolewa: SAUTI YA OTTO, PICHA ZA NYUMBANI, KWAYA, VYETI, SHAMBA. Moja limeandikwa Imewekwa Karantini, na jina lake ni herufi na tarakimu tu, halisomeki. Nilidhani hiyo ndiyo sauti ya baba iliyobadilishwa jina. Nikabonyeza Rejesha, ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza Ndiyo.

Kioo kikawa cheusi mara moja, kama jicho linapopepesa, kikarudi. Tangu hapo mashine inajikokota. Flashi yangu ya shule ilikuwa imechomekwa, na sasa kila folda yake ina kimshale kidogo pembeni. Mitihani ya wanafunzi wangu wa darasa la sita imo humo.

Na nyumbani kumeharibika. Juzi Shangazi alimkuta mama mdogo akipanga nguo kitandani.

"Unapanga safari, wifi?"

"Napanga kabati."

"Kabati la nani? Mume amelala makaburini Mjimwema, kabati linahesabiwa."

Mama mdogo akasema, "Dada Honorata, kama ni kabati, chukua." Akatoka nje kufua shuka ambazo zilikuwa safi.

Nifanye nini na mashine?

Fortunata


Maposeni
22 Juni 2025

Mwanangu,

Hukuua mtu. Ulimfungulia mlango mgonjwa aliyetengwa kwa sababu ulidhani ni baba yako. Nani asingefungua? Lakini sasa nisikilize neno kwa neno.

Hivyo vimshale vimenieleza mengi. Mdudu huyu ni wa kwenye flashi, namjua tangu nikiwa kazini. Akiingia hayali mafaili yako. Anazificha folda zako mahali pale pale zilipo, halafu kwa kila folda anatengeneza mfano wake: jina lile lile, rangi ile ile, ila pembeni ina kimshale. Huo mfano ni njia ya mkato. Ukiubonyeza, kwanza unamwamsha mdudu, kisha anakufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke. Kioo hupepesa mara moja, basi. Watu wengi hawaoni.

Sasa fikiri pamoja nami. Antivairasi ilipoamka tarehe 27 ikaondoa SAUTI YA OTTO, iliondoa nini? Iliondoa mfano. Folda ya kweli haikuguswa. Haionekani, lakini imo ndani ya flashi nyekundu kama haikufomatiwa.

Fanya hivi. Sasisha antivairasi, chagua Changanua Zote, ikimkamata tena bonyeza Karantini na umwache huko huko hata akilia kwa sauti ya babu yako. Kisha fungua flashi nyekundu. Juu kuna Mwonekano. Weka alama kwenye Vipengee Vilivyofichwa. Kama bado hakuna kitu, ingia kwenye Chaguo na utoe alama kwenye sehemu inayoficha mafaili ya mfumo. Mashine itakutisha. Ijibu Ndiyo. Ukiiona folda, inakili mahali pawili kabla hujamwita mtu. Ya shule yako utaiponya hivyo hivyo.

Jambo la mwisho. Umesema matishio ni saba. Nimehesabu kwenye barua yako mara tatu: matano yaliyoondolewa na moja la karantini ni sita. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, na nimejifunza kwamba mtoto anayeruka mstari ubaoni mara nyingi ameusoma. La saba ni lipi?

Na mwulize Leticia kwa upole, mkiwa wawili tu, kama tarehe 27 alikuwa kwenye mashine.

Gaspari


Msamala
26 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Sitaweza kumwuliza. Mama mdogo ameondoka juzi kwa basi la alfajiri, siku ile ile barua yako iliponifikia mchana.

Aliondoka na begi moja. Shangazi alisimama mlangoni na khanga kiunoni kama anasindikiza mwizi. Mama mdogo akamwambia, "Kaka yenu alisema kweli. Mkono ulikuwa wangu." Shangazi akageuka kwangu: "Umesikia? Umesikia kwa masikio yako?" Sasa ukoo mzima unajua kwamba amekiri. Simu yake haipatikani. Na ufunguo wa mlango wa mbele hauonekani, tunapita mlango wa jikoni.

Jioni nilifanya ulivyoandika, hatua kwa hatua. Mashine ilinitisha, nikaijibu Ndiyo. Folda ikatokea, imefifia kama picha iliyoachwa juani. Baba mkubwa, imo. Yote imo. Nimeinakili mahali pawili.

Nimeisikiliza peke yangu. Anasema nyumba ni ya Leticia hadi mwisho wa maisha yake, mtu asimhamishe, na baada yake ni yangu. Ni dakika kumi na moja.

Sasa la saba. Nililisoma Jumapili ile ile, lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kwenye kioo cha mwanzo cha kompyuta yenyewe na si kwenye flashi. Limeandikwa hivi: RATIBA YA MAZISHI MWL GASPARI.

Nilijiambia nimeliruka kwa heshima. Nani anamwandikia baba yake mkubwa neno kama hilo? Lakini umenifundisha kuhesabu, basi nihesabu lote. Nilijua kwamba huenda shida ilianza na faili lako, na pia kwamba nikikaa kimya, nyumba ni yangu. Sikumfukuza mama mdogo. Nilikaa kimya tu, siku tisa, na yeye alikuwa akifua shuka safi.

Kaka yake anaitwa Raphael, ana duka la vifaa vya shule karibu na stendi ya Singida. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Fortunata


Maposeni
28 Juni 2025

Shemeji Leticia,

Barua hii inakuja kwa basi, mikononi mwa kaka yako Raphael. Naomba uisome hadi mwisho hata kama mwanzo utakuchosha. Mimi ni mtu wa kueleza, na safari hii nina deni la kueleza.

Tarehe 23 Mei, siku moja kabla ya mazishi, nilipeleka flashi yangu kwenye steshenari moja mjini nikachapishe ratiba ya mazishi. Kompyuta ile ilichomekwa flashi za watu wote wenye misiba, harusi na barua za kazi wiki hiyo. Kutoka pale nilikuja kwenu kuchukua picha ya Otto ya kuweka juu ya wasifu. Nilichomeka flashi yangu kando ya ile nyekundu. Nikaweka ratiba yangu kwenye kioo cha mwanzo, nikaifungua. Kioo kilipepesa cheusi mara moja. Nilikiona. Nikajisemea ni umeme. Mwalimu wa kompyuta, miaka thelathini.

Wewe uliniletea chai na kuuliza kama mashine iko sawa. Nikakujibu, "Iko sawa, shemeji, hizi zina tabia zake."

Nadhani tarehe 27 uliingiza bando. Antivairasi ikapata orodha mpya, ikamwona mdudu wangu, ikakuletea dirisha jekundu lenye jina la mume wako, ikakuambia bonyeza Ondoa. Ukabonyeza, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Halafu ukaona folda haipo. Siku nne baadaye nikasema mbele ya ukoo kwamba kuna mkono, na wewe ukautazama wako.

Ulichokifuta, Leticia, ni mfano wa uongo uliovaa jina lake. Sauti ya Otto haikufutwa. Fortunata ameikuta, imo nzima. Mkono wako uliitibu mashine. Ulioiambukiza ni wangu.

Kwetu neno lililosemwa mkekani haliondolewi kwa barua wala kwa simu. Aliyelisema hulirudia pale pale, akiwa amekaa pale pale. Tarehe 5 nitabebwa hadi Msamala. Nakuomba uwepo. Usipoweza, nitalisema bila wewe, ila litakuwa nusu.

Shemeji yako,
Gaspari Mapunda


Msamala, Songea
7 Julai 2025

Shemeji Leticia,

Hukuja, na sikulaumu.

Nilibebwa kwenye kiti na wanaume wawili. Kwa kuwa mlango wa mbele hauna ufunguo, ukoo mzima, na padre aliyekuja kubariki nyumba, tulipita jikoni tukiinama chini ya kamba ya vitambaa. Kiti changu kilikwama mlangoni. Mtu akasema, "Mwalimu, safari hii umepimwa ukaonekana umezidi." Watu wakacheka, nami nikaingia mkekani nikiwa wa kuchekwa, jambo ambalo pengine lilinisaidia.

Nililieleza lote: steshenari, flashi, kioo kilichopepesa. Honorata akasema, "Kaka, dawa za mguu hizo. Mwenyewe alikiri mlangoni, tulisikia." Nikamwambia alikiri kosa langu. Akasema, "Wewe unamtetea kwa sababu ni mpole." Mjomba mmoja akaniuliza kama si wewe uliyeniandikia maneno hayo niyaseme.

Ndivyo ilivyokuwa, Leticia. Neno langu la kwanza lilikuwa la sekunde tatu wakaliamini mwezi mzima. La pili lilikuwa la nusu saa wakaliona ni homa.

Ndipo Fortunata akasimama. Hakuomba ruhusa. Akasema, "Nilijua tangu tarehe 15 nikaficha, kwa sababu nilitaka nyumba. Sasa msikilizeni mwenye nyumba." Akaiwasha.

Sauti ya Otto ilijaa sebuleni. Alisema kuhusu nyumba kama unavyojua. Hakuna aliyetikisika, Honorata alikuwa bado amekunja mikono. Sauti ilipofika mwisho, baada ya wosia wote, Otto alikohoa, halafu akasema kwa ile sauti yake ya kawaida: "Zima basi, Leti. Na unywe chai yako, inapoa."

Honorata alifunika uso kwa khanga. Kisha akauliza, si kwa mtu, "Kwa hiyo Leticia alikuwepo? Alikuwa anajua kilichosemwa, na bado akaondoka kimya?"

Jana amerudi kwake. Hajasema "unisamehe", nami sitakudanganya kwamba amesema. Alichosema akiwa anafunga mizigo ni kwamba kabati lako liko kama ulivyoliacha.

Kikao kimeandika: nyumba ni yako. Fortunata ameandika kwa mkono wake, nami nimetia sahihi kwanza.

Mashine iko salama. Yule mdudu yuko karantini, na flashi yangu nimeivunja kwa jiwe, ingawa kitaalamu haikuwa lazima.

Gaspari


Singida
15 Julai 2025

Shemeji,

Shikamoo. Barua zako zote mbili nilizipata kwa pamoja, kwa sababu ile ya kwanza kaka aliiweka kwenye droo ya duka akasahau. Kwa hiyo tarehe 5 sikujua kama mlikuwa mnaningoja.

Niliingiza bando siku ile kwa sababu nilitaka kumsikia. Si wosia, huo niliusikia akiusema. Nilitaka kumsikia tu. Dirisha jekundu likatokea na jina lake, nikaogopa kwamba kitu kibaya kitamla, nikabonyeza. Halafu nikatafuta hadi mchana. Uliposema kuna mkono, nilijua unasema kweli. Mtu aliyefuta sauti ya mume wake angewezaje kugombana na ndugu zake juu ya nyumba?

Mwezi mzima nimeishi nikiwa mtu huyo. Umeandika kwamba sikuwa yeye. Nimesoma mara nyingi, na naelewa ulivyoeleza, shemeji, unaeleza vizuri. Lakini bado sijamaliza kutoka humo. Nipe muda.

Mwambie Fortunata sina neno naye. Aniletee nakala ya sauti kwenye flashi mpya, isiyopita steshenari. Asiikate mwanzo wala mwisho. Mwisho hasa.

Honorata msimsumbue.

Na ufunguo wa mlango wa mbele msiutafute, wala msibadilishe kitasa. Ninao. Niliondoka nao nikijua.

Leticia